Ukuta wa Mwisho Uje Karibu

Wakala aliyenionyesha nyumba ninayoishi sasa aliisifu kwa neno moja tu, ya kisasa, akalirudia mpaka nikachoka. Ni kweli ina vigae, ina maji ya moto, na ukisimama kwa vidole dirishani jikoni unaona kipande cha ziwa. Kitu ambacho haina ni upana. Sebule ni ndefu na nyembamba, chumba cha kulala vivyo hivyo, na ukiweka kochi lazima uamue kama unataka meza au unataka kupita. Rafiki zangu walinishauri nipake nyeupe kila mahali. Nikawaambia nitafikiria, na wanaonijua wanajua maana yake ni hapana. Jumamosi nikanunua rangi, nikafungua mkebe wa kwanza kwa bisibisi, na ile harufu iliponifikia nikaketi sakafuni kwanza.

Ilikuwa harufu ya baba yangu. Alikuwa fundi wa rangi, na harufu ya rangi ya mafuta na tapentaini ilikuwa imemwingia mpaka kwenye masikio. Akioga alinukia sabuni na tapentaini, akienda kanisani alinukia marashi na tapentaini. Siku zake za mwisho alinukia dawa za hospitali tu, na sijui kama kuna jambo lililoniudhi zaidi ya hilo katika ugonjwa wake wote. Nilikuwa naingia wodini najiuliza huyu ni mzee wa nani.

Sisi tulilelewa Manyatta, mtaa wa Kisumu, katika nyumba ambayo nikiwaeleza watu wa siku hizi wanadhani natia chumvi. Babu aliacha kiwanja kimoja na wana wanne wa kiume. Wenye busara wangekigawa kwa namna nyingine, lakini wao walikigawa kwa urefu, kutoka barabarani hadi kwenye mtaro wa nyuma, kila mtu akapata ukanda wake. Baba alijenga kwenye ukanda wake vyumba vitatu vilivyofuatana, kimoja kikiingilia kingine, mlango nyuma ya mlango. Ukisimama barabarani milango ikiwa wazi ulikuwa unaona hadi ukuta wa mwisho kabisa, huko chumbani kwa wazazi. Kitanda chao kilikatwa miguu mlangoni ndipo kikaingia, kisha kikaunganishwa tena kwa misumari. Viti vya wageni vilikaa upande mmoja tu, vimepangana, na wageni wakija walikaa hivyo hivyo wakitazama ukuta wa mbele yao kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari.

Ukuta wenyewe ulikuwa simiti. Baba alipaka majumba ya Milimani, nyumba za wakubwa zenye sebule ambazo mtu angeweza kuchezea mpira, akarudi jioni akiwa na madoa ya rangi ya maziwa na rangi ya zambarau kwenye kope, akaketi akala ugali mbele ya simiti ya kijivu. Mama alimwuliza mara moja, akamwuliza mara ya pili, na baadaye haikuwa tena kuuliza.

"Baba Akinyi, hii nyumba utapaka lini?"

"Wiki ijayo, nikimaliza ile kazi."

Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa wiki ijayo.

Mama alivumilia hadi siku wanawake wenzake wa kanisani walipokuja kuomba nyumbani kwetu. Walikaa kwenye foleni yao wakaimba vizuri, wakanywa chai, na mmoja wao alipokuwa anaaga akasema kwa sauti ya utani kwamba leo ameomba akiwa kwenye foleni ya kliniki. Wakacheka wote, mama naye akacheka. Walipoondoka aliosha vikombe kwa nguvu nikadhani vitavunjika.

Kesho yake baba alirudi na nusu mkebe wa rangi ya bluu iliyobaki kazini. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akauweka chini ya kitanda, na usiku huo alikuwa na furaha kiasi kwamba alituongezea samaki. Siku ya tatu mkebe haukuwepo. Tulipotoka nje tukaona mlango wa ami yangu, jirani yetu wa ukanda wa pili, unang'aa kwa bluu mbichi. Ami alikuwa ameuomba ule mkebe, na baba hakujua kumnyima kaka yake kitu. Mama aliutazama ule mlango. Hakugomba. Asubuhi alimfunga mdogo wangu Ochi mgongoni, akaniambia anakwenda Awasi kumwona mama yake kwa siku mbili.

Siku mbili zikawa wiki, wiki ikawa ya pili. Simu iliyokuwa nyumbani ilikuwa moja, ya baba, na huko Awasi hakukuwa na yoyote. Nilikuwa darasa la pili. Baba alinipikia uji ulioungua, akanichana nywele kwa namna ambayo mwalimu aliniuliza kama niko salama nyumbani. Nilimwuliza baba kama mama anarudi lini, akasema wiki ijayo. Nikajua tumekwisha.

Wakati huo sikuelewa kwa nini hakwenda tu kumchukua. Sasa naelewa. Mke akirudi kwao kwa hasira, mume huwa hapandi gari akamfuata kama mtu aliyesahau mwavuli. Anakwenda na watu wake, wazee wanaojua kuongea. Wanaketishwa, wanaachwa wangoje, kisha wanaambiwa ubaya wote wa mtoto wao mbele ya wakwe, na yeye anainamisha kichwa mpaka maneno yaishe. Na huyo mtu ambaye kwa kawaida angeongozana na baba kwenda kuomba msamaha alikuwa kaka yake, mwenye mlango wa bluu. Baba angesema nini huko? Alikuwa anaweza kusimama juu ya ngazi ghorofa ya nne bila kushika kitu, lakini mbele ya mama mkwe alitetemeka.

Kwa hiyo alifanya lile alilolijua. Jumatatu ya wiki ya tano hakwenda Milimani. Alinichukua tukaenda mjini kwa Mama Shiro, mwanamke wa Kikuyu aliyekuwa na duka la rangi na misumari, mrefu, mwenye jino la dhahabu na mkoba wa pesa kiunoni. Nilimpenda kwa sababu ya lile jino. Baba akaagiza rangi ya manjano, halafu akaomba nyekundu.

"Nyekundu gani, Baba Akinyi? Ya mlango?"

"Ya ukuta."

"Ya ukuta wa baa ama wa nyumba ya watu?" Mama Shiro akacheka, jino likaonekana. "Hii ukipaka ndani ya nyumba, hata usingizi hutapata."

"Weka tu, mama. Ni ya bibi."

"Wacha! Basi huyo bibi ana bahati."

Siku zilizofuata baba alipaka nyumba yetu kama alivyokuwa akipaka za wenye pesa, pengine kwa makini zaidi. Alisugua simiti kwa msasa, akaziba nyufa, akatandaza magazeti ya zamani sakafuni. Kuta zile ndefu za pembeni alizipa manjano hafifu, karibu na rangi ya siagi. Mimi nilishika kitambaa na kupitisha brashi ndogo, nikamwuliza kwa nini asipake nyekundu hapo mahali ambapo kila mtu ataiona.

"Ukuta mrefu ukiupatia rangi nzito unazidi kurefuka," alisema. Alipoongea habari za rangi alikuwa mtu mwingine, maneno yalimtoka bila kuvutwa. "Hizi za kando unazipatia rangi nyepesi, zinakaa mbali na wewe. Ule wa mwisho sasa, ule unaupatia nguvu. Unaona? Unakuja karibu. Nyumba inakuwa fupi, ikikuwa fupi inapanuka."

Sikuona chochote kinachokuja wala kupanuka, lakini niliitikia. Sakafu nayo aliipiga mistari mipana ya rangi nyekundu ya udongo, ikikatiza kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya kila mlango akaacha utepe wa manjano uliokolea. Alikuwa anapiga mluzi. Siku ya nne alinyoa ndevu. Siku ya tano akaleta mapazia mapya.

Siku hiyo ya tano ndiyo Mama Odhis, mke wa ami, aliniita kwenye ule mlango wake wa bluu. Hakuwa mwanamke mbaya, ila alipenda kujua. Aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Akinyi, baba yako anapakia nani nyumba?"

"Anapaka yetu."

"Najua ni yenu. Na mama yako hayuko." Akatazama mapazia yaliyokuwa yanapepea mlangoni kwetu, akatikisa kichwa. "Yawa! Mwanaume akipaka nyumba na mwenye nyumba hayuko, kuna mwenye anakuja."

Hapa lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Kwa mila zetu Wajaluo mwanamume husimamisha nyumba, nguzo na paa na mlango, lakini ukuta ni wa mwanamke. Yeye ndiye anayeukandika kwa udongo, yeye ndiye anayeulainisha kwa kiganja, yeye ndiye anayeamua kama utakuwa na mchoro au la. Mjini kuta ni za simiti na mafundi wa rangi ni wanaume wanaolipwa, lakini mawazo yale yalihamia mjini pamoja na watu. Fundi anaweza kupaka nyumba mia za wengine, ila ya kwake anapaka mke akiwa amesimama hapo akinyoosha kidole. Mume anayegusa ukuta wa mkewe akiwa hayupo anaulizwa swali moja tu, na Mama Odhis alikuwa ameliuliza. Baba, kwa jinsi alivyokuwa na haraka ya kufanya jema, hata hakulikumbuka.

Mimi nililichukua neno hilo nikaenda nalo kitandani. Nikapanga ushahidi wangu: ndevu zimenyolewa, kuna mluzi, kuna mapazia. Na kwa Mama Shiro alisema kwa mdomo wake kwamba rangi ni ya bibi, yaani ya mke, Mama Shiro akajibu kwamba huyo bibi ana bahati. Mama yangu hakuwa na bahati, alikuwa Awasi. Kwa hiyo bibi huyo alikuwa mwingine. Nililia nikiwa nimeuma shuka, na asubuhi nikakataa kumpitishia baba brashi. Alidhani ninaumwa akaninunulia soda.

Jumamosi, ukuta wa mwisho ukiwa umebaki koti ya pili ya rangi, baba alisikia Mama Odhis anakwenda soko la Awasi kununua mchele. Akamwomba anipeleke. Alinivalisha gauni la kanisani, akachuchumaa mbele yangu.

"Mwambie mama yako nyumba iko tayari. Sema hivyo tu. Usimwambie rangi, nataka aone mwenyewe."

Nilimtazama usoni nikamwona mtu mwovu kabisa. Nyumba iko tayari! Na mimi ndiye nitumwe nikamwambie mama.

Mama Odhis aliniacha kwenye njia ya kwenda kwa mama yake mama, tuliyemwita Dani, akarudi sokoni. Nilimkuta mama ameketi nje ya jiko anachambua mboga, Ochi amelala kwenye leso kando yake. Dani alikuwa mlangoni mwa nyumba yake kwenye kigoda, mahali ambapo alikaa siku nzima akiona kila anayeingia na kutoka. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, kwa hiyo yaliyosemwa siku hiyo yalisemwa kwa Kijaluo, nami nayaandika kama ninavyoyakumbuka.

Mama alinikumbatia, akanusa nywele zangu, akaniuliza ni nani aliyenichana hivi. Dani akauliza kutoka mlangoni kama nimekuja na baba yangu na wazee. Nikasema nimekuja na Mama Odhis. Dani akasonya.

"Mwanaume anatuma mtoto. Basi huyu haendi popote. Huyo mkwe atakuja hapa na watu wake, ataketi, tutaongea."

Mama aliendelea kuchambua mboga, na nilivyomwona anachambua taratibu hivyo nikaona kwamba amezoea kuwa hapo. Mwaka ungekwisha akiwa hapo. Mwanamke mwingine angeingia kwenye mapazia mapya, akalala kwenye kitanda cha miguu ya misumari, na mimi ningechanwa na baba hadi darasa la nane.

"Baba amepaka nyumba," nikasema.

Mikono ya mama ikasimama. "Amepaka?"

"Yote. Na sakafu. Amenunua mapazia."

"Anampakia nani?" Dani aliuliza, swali lile lile la Mama Odhis, na sauti ile ile.

Ningeweza kusema sijui, au kutoa ule ujumbe niliotumwa. Lakini nilikuwa nimeona kwamba neno la rangi limesimamisha mikono ya mama wakati neno langu la salamu halikufanya hivyo, nikataka liendelee kufanya kazi. Nikasema kuna mwanamke anakuja.

"Umemwona?" Dani akainuka kwenye kigoda, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya bila kushikwa.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mrefu. Ana jino la dhahabu."

Nimesema uwongo mwingi maishani, wa kazini na wa mapenzi, na hakuna hata mmoja ulionitoka kirahisi kama huo. Mama alisimama. Sahani ya mboga ikaruka hadi kwenye kuku. Akapiga ukelele ulioamsha Ochi, akasema kwamba atamrarua huyo mwanamke na jino lake atamletea Dani mkononi, kwamba nyumba ile amelala humo na mvua ikivuja, na hakuna kahaba atakayekuja kulalia rangi. Dani, aliyekuwa amemkataza kwa wiki tano asiende popote kabla ya kufuatwa, sasa alikuwa anamsukuma.

"Nenda! Unangoja nini? Nyumba ya mtu inachukuliwa na wewe umeketi na mboga! Nenda leo hii!"

Tulitoka hapo mbio, Ochi mgongoni, mimi nikivutwa mkono, Dani nyuma yetu akiita majirani wasikie. Tulipopita kona ya mti wa mbono, mahali ambapo mlango wa Dani hauonekani tena, mama akaacha kukimbia. Alinikung'uta vumbi, akaninunulia mandazi mawili kwa mwanamke wa kando ya barabara, akaongea naye habari za mvua. Sokoni alimwambia Mama Odhis kwamba asinitafute, tunarudi wote. Ndani ya gari mama aliniuliza jambo moja tu.

"Rangi gani?"

Nikakumbuka kwamba nilikatazwa, lakini nilikuwa nimevunja mengi zaidi ya hilo. "Manjano. Na nyekundu kule mwisho."

Akageuza uso dirishani, mabega yakatikisika. Niliona kwamba nimemliza mama yangu kwa uwongo. Kutoka hapo hadi Kisumu nilikuwa naomba kimoyomoyo kwamba awepo mwanamke yeyote nyumbani kwetu, wa aina yoyote, ili nisionekane mwongo.

Hakuwepo. Milango yote mitatu ilikuwa wazi, na kutoka barabarani tulimwona baba mwishoni kabisa, amesimama juu ya kigoda akimalizia kona ya ukuta mwekundu. Jua la saa kumi lilikuwa limeingia nyumba nzima. Aligeuka akatuona. Alishuka upesi brashi ikiwa mkononi, akaja mpaka mlango wa kati akasimama hapo, kwa sababu nyumba ile haikuruhusu watu wawili kukutana bila mmoja kungoja.

"Karibu," alisema.

"Unanikaribisha kwangu?" mama akasema.

Mama alimkabidhi baba Ochi, akampita kwa ubavu, akaingia. Nilimfuata nikiwa nimeshika gauni lake. Alitembea polepole juu ya mistari ya sakafu, akagusa mapazia kwa vidole viwili, akachungulia jikoni. Nilikuwa namtazama kama atachungulia chini ya kitanda. Hakuchungulia. Alirudi sebuleni, akaketi kwenye kiti cha mwisho kwenye ile foleni, na badala ya kutazama mbele kama wageni akageuka upande, akatazama kupitia milango miwili hadi kule mwisho. Ochi akaanza kunyonya kola ya baba yenye rangi, na hakuna aliyemzuia.

"Umekuja karibu," mama akasema.

"Nini?" baba akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Ule ukuta. Umekuja karibu."

Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. Alianza kueleza, ukuta mrefu, ukuta mfupi, nyepesi, nzito, akaeleza mpaka koti ya pili ikakauka na alama ya brashi kwenye ile kona, na ilibaki hapo miaka yote. Mama alimsikiliza, kisha akauliza kama kuna unga. Usiku nililala nikingoja kuitwa, niulizwe yule mrefu mwenye jino la dhahabu yuko wapi. Sikuitwa usiku huo wala kesho yake. Kila tulipokwenda kwa Mama Shiro nilijificha nyuma ya mapipa.

Baba aliishi na hadithi yake. Wateja wa Milimani wakisita kuhusu rangi kali alikuwa anawaambia kwamba yeye alimrudisha mke wake kwa nyekundu baada ya wiki tano, na alirudi mwenyewe bila mzee hata mmoja kutumwa. Aliisimulia kwenye harusi yangu kwa kipaza sauti. Mama alikuwa pembeni yake akiitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Mimi nilikuwa nimevaa shela, najisikia tena mtoto wa darasa la pili. Nilijua kilichomrudisha, na kilikuwa uwongo wangu. Niliubeba ule uwongo zaidi ya nilivyobeba mambo mazito kuliko huo, kwa sababu niliona kwamba furaha yote ya baba ilikuwa imekaa juu yake.

Baada ya kumzika nilikaa na mama wiki mbili. Siku moja tulikuwa tunapukuchua mahindi nyuma ya nyumba, na nikaona kwamba sasa naweza kusema, hakuna atakayeumia.

"Mama, ile siku ya Awasi, hakukuwa na mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Mwenye nilisema nimemwona. Wa jino la dhahabu. Nilidanganya."

Aliweka hindi chini. Alianza kucheka polepole, halafu akacheka mpaka akajipangusa macho kwa leso, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia tangu mazishi.

"Akinyi, kwani wewe umekuwa ukidhani niliamini? Baba yako alichukua mwaka mzima kuniuliza jina langu. Huyo mwanamke mwingine angempata saa ngapi?"

"Lakini ulirusha sahani."

"Nilirusha."

"Ukasema utamng'oa jino."

"Nikasema. Sasa ningefanya aje, na mama yangu amekaa hapo mlangoni?" Akachukua hindi lingine, akaligeuza mkononi bila kulipukuchua. "Mtu hawezi kujirudisha tu, watu watasema alikuwa ameenda wapi. Lakini kama kuna mtu anachukua nyumba yako, nani atakuuliza? Wiki tano, Akinyi, kila jioni niliangalia ile njia kama baba yako anakuja. Hakuja. Ukaja wewe."